Herufi Mbili za Sidi Tahar

Majirani zetu wa Barabara ya Gremda, wenzake wa kazini, wanafunzi wake, na ninyi mliofika tangu asubuhi na masinia ya kuskusi, Mwenyezi Mungu awalipe. Mimi ni Nureddin Masmudi, muuza mafuta ya zeituni, mdogo wake marehemu, na nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu kabla jeneza halijatoka katika ua huu. Kaka yetu mkubwa, Shadhli, alitaka maisha hayo yaenee ukurasa mmoja, mimi nimeandika zaidi, naye ameketi pale mbele akiangalia viatu vyake, kwa hiyo naomba mnivumilie nyote, yeye kwanza.

Profesa Radhia binti Hedi Masmudi alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, hapa hapa Sfaksi, kilomita ya nne ya barabara hii, katika chumba kile cha kona, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Hedi Masmudi, fundi wa kinu cha zeituni, na marehemu Bibi Zuhra. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alianza kuongea kabla ya kutembea na hakunyamaza tena, na sisi wadogo zake tulioshiriki naye chumba tunathibitisha, ila mama alifariki bila kujua kwamba lipo jambo moja ambalo Radhia alilinyamazia miaka kumi na moja.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kuanzia mwaka 1962, na mwaka 1968 akajiunga na sekondari ya wasichana, ambako somo la Kiarabu lilifundishwa na Sidi Tahar Jeluli, ambaye wengi wenu mnamkumbuka, mtu aliyesema Kiarabu cha vitabuni nyumbani, barabarani na kwa kinyozi, na ambaye hakuwahi kutamka "yezzi", yaani basi, inatosha, neno ambalo kila mmoja wetu humwambia mtoto mwenye kelele, kwa kuwa kwake hilo lilikuwa neno la gulioni. Wauza samaki walimtania kwa hilo, wakimuuliza kama pweza wampimie kwa kilo au kwa sarufi, naye aliwasahihisha makosa yao bila kucheka na kulipa kwa heshima. Huyo huyo Sidi Tahar, baba alipokwisha kuamua kwamba Radhia amesoma vya kutosha na sasa aolewe, alikuja humu ndani mwezi Juni 1975 amevaa koti lake la sherehe, akakaa mpaka chai ya tatu, na alipoondoka baba alikuwa amekubali binti yake akasomee udaktari, jambo ambalo baba mwenyewe hakuweza kueleza baadaye lilivyompata.

Alihitimu udaktari mwaka 1982, akaenda Marseille kuanzia 1983 hadi 1988 kusomea upimaji wa umeme wa ubongo, akarudi na koti moja na masanduku matatu ya nyaya, ambazo baba alidhani ni za biashara. Tarehe 22 Julai 1989 alifunga ndoa na Mhandisi Munsif Ayadi, na Mungu akawajalia Yosra mwaka 1991 na Anis mwaka 1994, ambao leo wamenipa ruhusa ya kusoma yote haya, na bila ruhusa yao nisingeyasoma.

Mwaka 2006 alianzisha kituo kidogo cha utafiti katika jengo la zamani la kiwanda cha sabuni, kazi yake ikiwa kuwasaidia watu ambao mwili umewafia na akili iko hai ndani yake. Kwa wasioijua kazi hiyo, mgonjwa huvalishwa kofia yenye nyaya zinazosikiliza mawimbi ya ubongo, mbele yake huwekwa skrini yenye herufi zote, herufi zinawaka moja baada ya nyingine, na ikiwaka ile anayoingoja, ubongo hushtuka kidogo, mashine ikauona mshtuko huo na kuandika. Ni kazi ya kuchosha, kwa mgonjwa kuliko kwa daktari, kwani kichwa hupakwa mafuta mazito yanayogandamana na nywele, na mwanga ule wa kumetameta humchosha hata mzima.

Tarehe 9 Novemba 2009 Sidi Tahar alipatwa na kiharusi kilichomwacha hana kiungo anachokiamuru, mwishowe hata kope, na binti yake pekee, Emna, akamleta kwa Radhia, kwa imani kwamba aliyemfungulia mtu mlango hatafungiwa na mtu huyo. Walifanya mazoezi kila Jumanne kwa zaidi ya mwaka bila matunda, mpaka tarehe 19 Aprili 2011 mashine ilipoandika herufi kafu, kisha fee. Herufi zetu huandikwa bila irabu, msomaji akazijaza mwenyewe, na waliokuwamo chumbani walisoma "kaff", yaani kiganja, wakamwambia Emna kwamba baba yake anamtaka mkono, Emna akaweka kiganja chake juu ya kiganja cha baba, wote wakalia, wakapiga makofi, na mpiga picha akapiga picha. Mwaka ule, baada ya mapinduzi, nchi nzima ilikuwa ndiyo kwanza imepata sauti, magazeti yalikuwa na njaa ya mzee kama huyo, na mnaijua picha hiyo, ilitundikwa hata katika duka langu.

Basi kila Jumanne iliyofuata Sidi Tahar aliandika kafu na fee, na kila Jumanne Emna alimshika mkono. Dada yangu, kwa nia njema, akamrahisishia mzee kazi, akaielekeza mashine kwamba herufi hizo mbili zikitokea isingoje ya tatu, ichore kiganja kwenye skrini na kupiga kengele ndogo ya furaha, hivyo kuanzia hapo hapakuwa tena na njia ya kupita zaidi ya fee. Sidi Tahar alifariki tarehe 6 Machi 2012, akiwa na kofia ile kichwani.

Siku ya tatu ya msiba wake, Radhia aliketi na wanawake waliosoma naye, nao, kama mjuavyo misiba ya walimu, walianza kumwiga marehemu kwa mapenzi, mmoja akakumbusha alivyofunga chaki kwenye leso, mwingine alivyomfukuza mkaguzi kwa kosa la kisarufi, mpaka Bibi Wasila, aliyekuwa mtundu wa darasa, akagonga sinia kwa kijiko na kusema kwa sauti ya mwalimu ile ile, "Kuff, wewe binti! Kuff na huo umbea, au nikutoe nje!" Wakacheka mpaka wakajifuta machozi. Radhia hakucheka, kwa sababu "kuff" ni koma, ni acha, na huandikwa kwa kafu na fee tu, na kwa miaka saba ya sekondari yeye mwenyewe alikuwa ameambiwa neno hilo pengine kila wiki.

Alitoka msibani akaenda kituoni kusikiliza upya mawimbi ya Jumanne zote. Akaona kwamba baada ya fee, kabla skrini haijageuka kiganja, mashine ilikuwa imekwisha kuanza kuwasha herufi za mara ya tatu, na mara kadhaa ubongo wa mzee ulikuwa umeshtuka kwenye aini, ambayo ndiyo mwanzo wa neno linalofuata "kuff" katika Kiarabu safi, yaani koma kufanya jambo fulani, na ambayo baada ya kiganja haina maana yoyote. Mzee alikuwa akiwaambia waache, hawakumruhusu ataje waache nini, na kila aliposema waache walimpigia makofi.

Sasa naomba nisome sehemu ambayo Shadhli alitaka niikate, naye alinieleza sababu yake, kwamba mtu hafukuliwi kabla hajazikwa. Dada yangu hakumwambia mtu. Mwezi Juni 2012 alikwenda Tunis kupokea tuzo kwa ajili ya kazi hiyo, akijua, nasi ukoo mzima tulikwenda tumevaa vizuri, tukala mkate wa tuzo hiyo, tukajisifu nayo sokoni, na mimi niliposikia ukweli niliona aibu kama niliyekutwa nimevaa nguo ya maiti. Alitusimulia Ramadhani iliyopita, baada ya futari, akiwa tayari hawezi kula zaidi ya supu, na Yosra akamtetea kwamba alinyamaza ili asimnyang'anye Emna mkono wa baba yake. Radhia akakataa utetezi huo. Alisema, "Hivyo ndivyo nilivyojidanganya, mwanangu, kwamba namhurumia Emna. Nilikuwa naihurumia ile picha."

Alitaka mambo haya yasomwe leo, mbele yenu. Sisemi alifanya ushujaa, kwa maana alikuwa na miaka kumi na moja ya kwenda kubisha hodi kwa Emna, kilomita mbili tu kutoka hapa, akachagua kusubiri mpaka awe hawezi kuangaliwa usoni. Nampenda dada yangu, na hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe.

Aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho mwezi Aprili 2022, akatibiwa hapa na Tunis, na jana Jumatano, tarehe 11 Oktoba 2023, alfajiri, akafariki akiwa na Munsif na watoto kando yake, katika umri wa miaka sitini na saba.

Sikuweza kukubali Emna alisikie jambo hili katikati ya umati, kwa hiyo jana alasiri nilikwenda kwake, nikamkuta anapara samaki, nikamweleza lote nikiwa nimesimama. Hakuacha kupara. Aliniuliza kama kweli ni kila Jumanne, nikamwambia kila Jumanne, akanawa mikono, na kama ilivyo desturi yetu nikamwombea marehemu msamaha. Akasema, "Langu nimemsamehe, Nureddin. La baba si langu, siwezi kulitoa." Kisha akaniuliza mazishi ni saa ngapi, na yuko pale kwa wanawake, amekuja.

Mwenye dai lolote kwa marehemu aje kwangu au kwa Munsif, tutalibeba. Lile moja la Sidi Tahar hatuwezi kulibeba, yeye mwenyewe analipeleka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza bila kuchoka, majirani wa kilomita ya nne ambao tangu jana hawajaturuhusu kuwasha jiko, wafanyakazi wenzake wa kituoni, ambao tunawaomba waiteremshe ile picha ukutani, nami yangu nimekwisha kuiteremsha, na ninyi nyote mliokuja kwa ajili ya mtu mliyemjua, mkabaki kumsikiliza mtu ambaye hamkumjua.

Radhia, ukikutana na Sidi Tahar, kaa mbele yake kama ulivyokaa darasani, usimshike mkono, usimkatize, mwache aseme ile herufi ya tatu na zote zinazofuata mpaka amalize, na akimaliza, akikuruhusu, ndipo upumzike kwa amani.