Majani Kumi na Moja na Nusu ya Kastabini

Mjukuu wangu tunayemlaza kaburini leo alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1979, saa nne asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto pekee wa binti yangu, naye binti yangu alipofariki, mtoto akiwa na miaka minne, nilimchukua nikamlea. Wengi mlimjua kwa jina la Kastabini. Alipokuwa na miaka mitano alivaa kastabini yangu, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole wakati wa kushona, kikagoma kutoka. Nimewahi kuwaambia kwamba alikaa nacho mwaka mzima mpaka kidole kikaota kutu. Zilikuwa siku mbili, na kilitoka kwa sabuni. Mnanijua kwa uongo wangu, lakini leo nimeandika ya kweli tupu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1986 hadi 1992, akamaliza sekondari mwaka 1996. Hesabu zilimpiga chenga. Kutarizi hakufundishwa shuleni, alianzia kwangu, na mimi nilikuwa nakisia tu. Nilimwambia kwamba uzi usiofungwa fundo mwishoni huamka wenyewe ukarudi dukani, akaamini. Maua yake yalipendeza mbele, ila nyuma ya kitambaa palijaa mafundo kama uji wenye mabonge.

Tarehe 4 Mei 1998 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, meza ya tatu kutoka dirishani, kuziba matundu ya mashuka. Alikaa hapo miaka ishirini na minne. Kama uliwahi kulazwa hospitali ile na hukulalia mshono wake, basi ulilala sakafuni.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 21 Juni 2003, na mkwe wetu fundi saa. Alikuwa amempelekea saa iliyosimama, na fundi akakaa nayo wiki tatu, kila akiulizwa anasema bado kuna kijidude hakijakaa sawa. Saa ile ilihitaji kutiwa ufunguo tu. Walijaliwa binti mmoja.

Januari 2018 alijiandikisha darasa la utarizi wa mkono, kila Jumamosi, katika chumba cha ghorofani juu ya duka la rangi. Walianza wanafunzi kumi na mmoja. Masomo yalikuwa ya hatua nne: mishono ya msingi, kisha kujaza maumbo, kisha kuhesabu nyuzi za kitambaa, halafu kazi ya mwisho. Kila mshono uliandikwa daftarini jina lake, ukachorwa, na kipande cha mfano kikabandikwa pembeni. Mwalimu wao, mama mmoja mkavu kama chaki, alikuwa na desturi ya kutazama nyuma ya kitambaa kabla ya mbele. Siku ya kwanza aligeuza cha Kastabini, akauliza ni nani aliyemfundisha mafundo. Akajibu ni bibi yake. Mwalimu akasema basi afumue yote, uzi mzuri hujificha chini ya mishono yenyewe.

Miezi mitatu alikuwa akifumua. Nikamtania, "Mke mwenzangu, umeenda shule kujifunza kuharibu?" Hakucheka. Alisema, "Bibi, nimetarizi miaka thelathini na sijui jina la mshono hata mmoja. Nataka kitu kimoja nikijue mpaka mwisho wake."

Kufikia 2022 wenzake wote walikuwa wameacha. Alibaki peke yake na kazi ya mwisho: uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, tawi la majani kumi na mawili, mbele na nyuma sawasawa, na yote kwa mkono wa mtu mmoja. Mwalimu alisema akishampa cheti chake, atafunga chumba, maana hakuna mwingine anayekuja.

Oktoba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya damu. Dawa zilimtia ganzi vidoleni, ikabidi aitafute sindano kwa macho. Jani la kumi na moja lilimchukua kuanzia Januari hadi Mei. La kumi na mbili alilifikisha nusu, kitandani katika hospitali ile ile.

Alasiri moja ya Julai, akiwa amelala na kitambaa kifuani, nilikichukua. Nilimwonea huruma. Nikamalizia ile nusu kwa macho yangu haya ya miaka themanini na saba, nikakirudisha, nikajiona nimetenda jambo. Mkono wangu ulikuwa umefanya ulichozoea, nami sikuutazama.

Jumamosi, tarehe 22 Julai 2023, mwalimu alikuja wodini na fomu yake. Aligeuza kitambaa. Akasema jani la mwisho lina fundo. Kama limeshonwa na mtu mwingine, litafumuliwa na yeye atasubiri. Kama ni la mwenyewe, ataandika hakufaulu. Kastabini alipitisha kidole, hakuhisi kitu, akaliona alipoinamisha macho. Kisha akanitazama, akangoja. Mimi ambaye sijawahi kukosa neno maisha yangu yote nilinyamaza.

"Ni langu, mwalimu," alisema. "Nilisahau."

Mwalimu akaandika, akaondoka. Tulipobaki wawili Kastabini aliniambia, "Uzi haukurudi dukani, Bibi." Hakulitaja tena.

Alifariki Jumatano, tarehe 2 Agosti 2023, saa tisa alasiri, juu ya shuka lenye kiraka chake pembeni. Mkwe wangu, umekuwa ukiwaambia watu kwamba dawa zilimsahaulisha. Hazikumsahaulisha kitu. Nisamehe, nawe mwalimu uliyekaa nyuma huko nisamehe, ingawa najua fomu haiandikwi upya kwa ajili ya marehemu. Chumba cha juu ya duka la rangi sasa kimejaa makopo. Daftari zake nne zipo, lakini binti yake ameniambia waziwazi kwamba sindano hataki kuiona, na hapa hayupo mwingine anayeweza kuzifuata.

Ameacha mume, binti wa miaka kumi na minane, na bibi ambaye ndiye angetangulia. Kitambaa kiko juu ya jeneza, nimekilaza upande wa nyuma ukiwa juu. Fundo liko jani la mwisho, karibu na kikonyo. Leo asubuhi nilishika mkasi nilifumue, sikuliona.

Apumzike, mke mwenzangu. Kazi yake ni majani kumi na moja na nusu, yote safi.