Bajeti Abana Mkaa wa Mzazi

Kama hujawahi kukaa Newala mwezi wa saba, usinisimulie habari za baridi. Ukungu unapanda kutoka bonde la Shimo la Mungu, unaingia hadi kwenye kola, na saa nne asubuhi kuku bado hawataki kutoka bandani. Ndiyo maana kijiwe chetu, mbele ya karakana ya baiskeli ya Faruku, kina moto wake. Si ule wa birika la Bi Anifa, muuza kahawa. Ule ni wa biashara. Wetu unawaka kwenye ringi kuukuu ya lori, na sheria yake ni moja: kila anayekaa benchi anakuja na kopo la mkaa kutoka kwake. Mimi, fundi viatu, naleta. Faruku, tunayemwita Injinia, analeta. Alfredi, tunayemwita Diwani kwa kuwa amegombea mara mbili na kukosa mara mbili, analeta. Na Khalidi naye, yaani Bajeti, asubuhi hiyo alikuja na kopo limejaa pomoni, akalimwaga kwenye ringi, akanyoosha miguu, ndipo akatamka neno linalonichefua mpaka leo.

Bajeti: Kwangu nimebana mkaa. Kuanzia jana, moto ni wa kupikia tu. Ugali ukiiva, jiko linazimwa.

Mkewe, Yasmini, alikuwa na siku nane tangu ajifungue. Siku nane! Kwetu mzazi hakai bila moto mpaka arobaini iishe, hata iwe wakati wa joto, seuze kipupwe hiki. Bi Anifa akaacha kumimina.

Bi Anifa: Na mtoto je?

Bajeti: Mtoto ana shuka. Tena nesi mwenyewe kasema mkaa chumbani unaua.

Bi Anifa: Nesi kasema msifunge dirisha, wala msilale nao. Nilikuwepo. Wewe ulisikia nusu, Khalidi, ile nusu iliyokufaa.

Bajeti: Mkaa wenyewe uko wapi, Bi Anifa? Kila gunia linalopanda huku linakamatwa njiani. Nichome milango?

Diwani akasimama. Huyu bwana hawezi kulaumu akiwa ameketi.

Diwani: Kosa si la Bajeti, kosa ni la wakubwa! Wanakwambia acha mkaa, tumia gesi. Gesi imetoka huku huku kusini kwetu, ikaingia kwenye bomba, ikaenda Dar. Dar watu wanatokwa jasho! Jasho na gesi vya nini? Waturudishie gesi yetu!

Injinia: Hata ukiletewa mtungi, utauota vipi? Utaukumbatia? Mchawi wetu ni bati. Enzi za nyumba za nyasi nani alitetemeka hapa? Tumeezeka bati, baridi inashuka moja kwa moja.

Diwani: Dar si wana bati pia? Mbona hawatetemeki?

Injinia: La kwao limeshika kutu. Kutu ni blanketi.

Nikamwambia anyamaze. Hakunyamaza.

Injinia: Dawa ni mbuzi. Mbuzi mmoja chumbani ni sawa na jiko moja, tena hali mkaa wala hazimiki. Weka wawili uone, utavua sweta.

Diwani: Mbuzi atakula shuka la mtoto. Mimi nasema ni salfa. Mwezi huu kila shamba watu wanapulizia mikorosho dawa ya salfa. Vumbi lote lile linakwenda wapi? Linapanda, linaziba jua! Tukiacha kupulizia wiki mbili tu, Newala inakuwa na joto kama Lindi.

Bi Anifa: Halafu mvune ugonjwa wa ubwiri badala ya korosho.

Bajeti: Hapo umenikumbusha. Kuna maganda ya korosho, yamejaa uani, ya bure. Nimewaza niyawashe kwa mzazi.

Nilisimama bila kujijua. Maganda ya korosho! Mtu aliyekulia kwenye kubangua, anayejua kabisa mafuta yake yanavyobabua vidole!

Mimi: Wewe una akili? Moshi ule unamliza mtu mzima akiwa nje uwanjani, ukaupeleke kwa kichanga?

Bajeti: Usinifokee! Wewe una mzazi ndani? Kila mtu abane kwake anavyojua!

Mimi: Unambana nani? Unambana mtu asiyeweza hata kujigeuza!

Tulibakiza kidogo tukunjane mashati. Injinia yuko katikati yetu na bado anaeleza kwamba beberu ana joto kuliko jike. Ndipo Bi Anifa akasema kwa sauti ya chini, "Acheni. Kuna mama anakuja."

Alikuwa mama wa makamo, mgeni kwetu, kanga moja kichwani, nyingine mabegani, mkononi ameshika karai bovu. Bajeti alipomwona aligeuka akatazama ukuta wa karakana. Hapo nikamjua: Bi Sophia, mama yake Yasmini, aliyepanda kutoka Chiungutwa kuja kumlea binti yake. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, wala hawasemezani. Wakikutana njiani, mmoja anapinda kichakani. Na leo huyu mama amemfuata mkwe wake hadi kwenye benchi la wanaume. Tulimwamkia wote, hata Injinia.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Mwenzangu wa kahawa, jina lako nani?

— Anifa.

— Anifa, nisaidie. Mkwe wangu huyu sina mdomo wa kumsemesha, heshima hainiruhusu. Niulizie wewe. Asubuhi hii, kabla hajatoka, alimshika mjukuu wangu miguu? Ilikuwaje?

Bi Anifa akamgeukia Bajeti.

— Umesikia. Miguu ya mwanao leo ilikuwaje?

Bajeti aliutazama ule ukuta kama umeandikwa jibu.

— Basi, akasema Bi Sophia. Mama yake amemvua nguo, amemweka kifuani, wamejifunika kanga zangu zote. Hilo ndilo joto lililomo ndani ya nyumba ile. Dirisha nimeliacha wazi na jiko nitaliweka karibu na mlango, msiniambie habari za nesi. Naomba moto.

Sikungoja mtu aseme. Nilichukua koleo la Injinia nikazoa makaa yote ya ringi, mekundu na meusi, nikajaza karai. Bi Anifa akamwaga kahawa iliyobaki, akashika jiko lake mwenyewe kwa vitambaa, na wale wanawake wawili wakaondoka, moshi ukiwafuata nyuma. Kijiwe kikabaki na ringi tupu na baridi yake.

Nikamfuata Bajeti pale ukutani.

— Ilikuwaje, Khalidi?

— Sikumshika, akasema. Nilitoka tu.

Nilitaka kumtukana tusi lake, la kumfaa yeye peke yake, nikalikosa. Mama yangu mzazi amepita miaka themanini, analala chumba cha nyuma, na asubuhi ile nilitoka na kopo langu la mkaa bila kumwamkia.