Nguzo na Pedali ya Binti Yake

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka fundi makochi mmoja, mpiga besi, ambaye mtaa mzima ulimwita Nguzo.

Kila asubuhi, binti yake akishakwenda kazini, Nguzo aliingia karakana kupiga gitaa lake la besi kabla ya kushika nyundo. Mkewe alimsikiliza kutoka jikoni huku chai ikichemka. Alhamisi iliyopita zilisikika noti nne. Zikarudi. Zikarudi tena. Nguzo hakuongeza kitu juu yake.

"Baba watoto, chai inapoa!" mkewe aliita.

Noti zikarudi tena. Alipofungua mlango, pedali ilikuwa ikipiga peke yake. Nguzo alikuwa ameinamia gitaa, ametutoka.

Naam, pedali. Ile ya kukanyaga kwa mguu, inayonasa unachopiga na kukirudia mpaka uizime. Aliinunua binti yake, naye ni mpiga gitaa.

Vidole vya Nguzo vilikuwa vimeanza kukakamaa, kwa miaka ya kuvuta vitambaa vya makochi. Bendini akawa anachelewa mdundo. Mpiga ngoma alimtania: "Mzee, sisi tumeshafika, wewe bado uko njiani?" Watu wakacheka. Binti hakucheka.

Akanunua pedali, akaiweka mezani. Binti huyu ana haya, wasikilizaji. Alisema hili tu: "Itakusaidia, baba."

"Yaani nimeshachakaa," Nguzo akajibu, "nahitaji mkongojo?"

 Binti akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Tangu siku hiyo pedali haikutajwa tena, naye akaamini amemvunjia baba yake heshima.

Kumbe! Mama anasimulia: "Aliificha ndani ya kochi bovu. Mtoto akitoka tu, huyo, anaichomoa! Siku ya kwanza alijisikiliza akanuna. Akaniambia, 'Mama watoto, kitu hiki hakina adabu. Hakinifichii kosa hata kidogo.'"

Ni kweli, haikumfichia. Akiwa anapiga, mikono ina shughuli, kosa halisikiki. Pedali ilipomrudishia, alisikia kidole cha pete kikichelewa. Alisikia pia uzi wa gitaa aliokwisha kuuacha ukiendelea kuvuma. Basi akapunguza mwendo. Ananasa, anasikiliza, anafuta, ananasa upya. Noti zikikaa sawa, ndipo anapiga nyingine juu yake.

Mpiga ngoma akaacha utani. "Mzee amerudi," alisema. "Sasa mimi ndiye ninayemkimbiza." Binti alidhani ni dawa ya kuchua aliyokuwa akipaka vidoleni.

Baada ya baba kufariki ndipo binti alipojua. "Mbona hukuniambia, mama?"

"Aliniapisha, mwanangu. Alitaka akupigie mwenyewe, vidole vikishanyooka kabisa. Uone pedali yako imefanya nini."

Kwa mama, kwa binti na kwa bendi nzima, poleni sana. Machozi yenu ni yetu pia. Nasi tuliobaki tujiulize: ni neno gani tunalimeza kila tunapokaa mezani na watu wetu?

Jana, kabla kaburi halijafunikwa, binti alisogea mbele. Hakuna aliyemwita. Sote tulimsikia.

"Baba, nilitaka uendelee kupiga. Nilitaka unichukue bendini, nipige pembeni yako. Niliogopa utaacha kabla sijathubutu kukuomba."