Mtungi wa Absalom Haumwagwi

Mbele ya soko la Kibuye, upande wa mafundi, kuna benchi ambalo halijawahi kushindwa na swali. Lina miguu mitatu na tofali moja, na kila siku saa nne, Mama Lornah akishaweka birika la kahawa ya tangawizi kwenye jiko, wenyewe hao wanafika. Opiyo wanamwita Redio kwa sababu hazimwi. Zadock wanamwita Wakili. Alibeba mafaili kortini miaka ya sabini, na tangu astaafu anatoa hukumu bure. Absalom ni fundi wa nguo, cherehani yake iko hatua mbili tu kutoka hapo. Nafasi ya nne, ya pembeni, ilikuwa ya Masinde, fundi baiskeli aliyetoka Bungoma, jina la kijiweni Spoku. Walimzika Agosti ya mwaka huo wa tisini na tatu, na sasa ni Novemba, hakuna aliyeikalia.

Jumatano hiyo Absalom alikuja na kikapu kilichofunikwa kitambaa cha kaki, akakisukuma chini ya benchi kwa kisigino. Lakini kitu kilichofunikwa, kwa Redio, ni sawa na barua iliyoandikwa jina lake.

— Omera, leo umebeba nini? Kuku?

— Kunywa kahawa yako.

Redio akainama, akafunua. Ndani mlikuwa na mtungi mdogo mweupe wa plastiki, umeandikwa ABSALOM kwa kalamu nyeusi, robo yake imejaa. Rangi ilijieleza yenyewe. Mama Lornah alicheka mpaka kahawa ikamwagikia makaa.

Absalom akaona ni heri aseme mwenyewe kuliko kusemewa. Presha ilikuwa imempanda, uso unavimba kila asubuhi, haja ndogo inatoka na povu kama ya sabuni. Hospitali ya mkoa ikampeleka kliniki ya figo, kwa daktari anayekuja kutoka Nairobi mara moja kwa mwezi. Huyo alimwambia figo hazijafa, zimechoka tu, na mtu akiwahi zinaweza kulindwa: apunguze chumvi, ameze dawa ya presha kila siku, aache vile vidonge vya mgongo alivyokuwa akivitafuna kama njugu. Na akusanye mkojo wake wote, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hii hadi saa kumi na mbili kesho, tone lisipotee. Ukipungua, vipimo vinadanganya, na daktari atakuwa ameondoka mpaka mwezi mwingine. Mkewe Selpha alimsihi ashinde nyumbani. Akakataa. Kulikuwa na kaptula tisa za shule zikingoja, na yeye hakuzaliwa ili afungwe kamba na mkojo wake mwenyewe.

— Mtu mzima anatembea na mkojo, Redio akasema. Hata mbwa anaacha yake kwa nguzo.

— Swali ni moja, Wakili akasema. Huyo daktari anataka ya nini? Kwani yeye hana yake?

— Mimi najua, Redio akadakia. Ni chifu. Wamechoka kukimbiza watu ya chang'aa usiku, sasa wanapima. Kesho unapeleka mtungi, kesho kutwa unalala ndani.

— Chifu ni mdogo, bwana. Hiyo kitu inaenda Naivasha, kwa maua ya wazungu. Wanamwagilia, maua inapanda ndege. Haba na haba hujaza kibaba.

Redio hakukubali kushindwa na maua. Akasema Naivasha ni nafuu, kwani maua hayana kisasi. Ubaya uko kwenye friji. Mkojo wa mtu ni mtu, na ukiwekwa kwenye friji ya hospitali, mwenyewe ataanza kutetemeka hapa Kibuye saa saba mchana, amevaa koti mbili, na hakuna daktari atakayejua kwa nini. Alikuwa na binamu huko Katito ambaye mambo hayo yalimpata. Binamu wa Redio wamepatwa na kila kitu.

— Usiache mbachao kwa msala upitao, Wakili akahukumu. Mkojo ndio mbachao. Daktari wa Nairobi ni wa kupita.

Absalom akabana mapaja. Kwa kweli alikuwa amebanwa. Nusu saa nzima kibofu kilikuwa kinamsumbua, na choo cha soko kiko ng'ambo ya njia, mbele ya wauza mitumba wote. Angeinuka vipi na kikapu, hawa wawili wakimpigia mbiu nyuma? Redio, ambaye hana adabu lakini ana macho, akaona magoti yanavyobanana.

— Mwaga tu, Baba Awuor. Mtaro ndio huo. Spoku si alimwaga? Polisi walikuja?

Hapo Absalom akageuka kuitazama nafasi ya pembeni. Maana ni kweli. Mwezi wa tatu Masinde alikuja na mtungi kama huu huu, na benchi hili likamcheka asubuhi nzima. Redio alimwita Petroli Stesheni. Masinde mwenyewe alikuwa mtu wa kicheko, akacheka nao, akainuka, akaumimina wote mtaroni kama mtu anayemwaga maji ya kuogea. Kliniki hakurudi tena. Wakapiga makofi. Absalom pia alipiga makofi, na mikono hiyo hiyo ndiyo iliyoshona suti aliyozikwa nayo, ikabidi aiongeze upana kwa ajili ya uvimbe. Benchi likasema amerogwa na mashemeji. Likasema ni damu chafu. Likasema mengi.

Akafungua mdomo ili awatukane, ndipo kivuli kikasimama mbele yao.

Alikuwa mama wa makamo, leso kichwani, vumbi la safari miguuni. Akawasalimia wote kwa mkono. Alijitambulisha kuwa Nasipwondi, dada yake Masinde, amekuja kuondoa vitu vya marehemu katika chumba chake cha kupanga Migosi. Jirani amemwambia marafiki wa kaka yake wanapatikana hapa. Akatoa kitu kwenye mfuko wa gunia.

— Nimekuta hii chini ya kitanda. Ni safi, nilitaka kutia mafuta ya taa. Lakini iko na jina lake, na karatasi ya hospitali imebandikwa. Ilikuwa ya nini?

Mtungi mweupe. MASINDE, kalamu nyeusi.

Redio akazima. Aliirudisha miguu yake chini ya benchi, ile miguu iliyovimba mpaka anavaa viatu bila kamba tangu Juni, akisema ni unene wa raha. Wakili alitafuta methali kushoto na kulia, asipate. Mama Lornah akainua birika, akalitikisa, likawa tupu.

— Dada, keti hapo pembeni, Absalom akasema. Hiyo nafasi ni yake.

Nasipwondi akakaa.

— Ilikuwa ya kupimia figo. Alianza kuijaza, tukamcheka, akaimwaga kwa huo mtaro. Mimi nilipiga makofi.

Nasipwondi alitazama mtaro. Akatazama mikono ya Absalom.

Absalom akainuka. Akauchomoa mtungi wake kwenye kikapu, kitambaa cha kaki akakiacha hapo hapo chini, akavuka njia ameuning'iniza mkononi mchana kweupe, akapita wauza mitumba, akapita foleni ya choo. Alikaa humo kadiri alivyotaka. Aliporudi mtungi ulikuwa umeongezeka, na ole wake ambaye angecheka. Hakuenda tena kwenye benchi. Alienda kwenye cherehani, akauweka juu ya meza, kando ya kaptula, akaanza kukanyaga.

Mama mmoja akaja kuulizia nguo ya mtoto. Macho yakamtua mezani.

— Hiyo ni nini, Baba Awuor?

— Mkojo wangu, mama. Kaptula njoo saa kumi.