Alfons Gaiser, Aliyekataa Shada la Divisheni Yake

Marehemu Alfons Gaiser alizaliwa tarehe 14 Machi 1915 katika kijiji chetu cha Unterriedbach, mtoto wa nne wa mkata magogo Xaver Gaiser na mkewe Kreszentia. Alisoma shule ya kijiji kwa miaka minane, akapenda hesabu na kuchukia kuimba. Mwaka 1929 alikwenda kujifunza kuoka mikate kwa mjomba wake, ambako alisambaza mikate kwa gari la farasi. Wanaokumbuka wanasema alizungumza na farasi zaidi kuliko alivyozungumza na mjomba.

Alipoitwa jeshini mwaka 1938, walimpa farasi vilevile. Filamu zinaonyesha vifaru, lakini divisheni yake ya askari wa miguu ilitembea, na mizigo ilivutwa na farasi, hadi Ufaransa, kisha hadi Urusi. Farasi jike wake, Lotte, alikuwa na tabia ya kumvua kofia kwa meno mbele ya maofisa, na aliyeadhibiwa kwa utovu huo wa nidhamu ni marehemu. Kisa hicho alikisimulia kila Krismasi.

Kisa kingine alikificha kwa miaka mingi. Septemba 1943, divisheni ikirudi nyuma huko Belarusi, aliamriwa kupeleka gari la majani makavu kwenye ghala la kijiji cha Verbolozi. Alidhani ni malisho. Alipofika alisikia sauti za watu waliofungiwa ndani, wengi wao wanawake na watoto. Majani yalishushwa, ghala likatiwa moto. Marehemu alisimama ameshika hatamu za Lotte. Hakufanya lolote kuwaokoa, na hakuwahi kudai kwamba alifanya.

Alitekwa mwaka 1944, akarudi 1949 akiwa mifupa mitupu. Tarehe 6 Mei 1950 alifunga ndoa na Mechthild Armbruster, wakafungua duka la mikate karibu na kanisa. Siku ya kwanza Mechthild alimwambia, "Mikate yako mitamu, baba, ila huo uso unafukuza wateja. Kaa nyuma huko na tanuri lako." Akakaa nyuma, na biashara ikashamiri. Mechthild alifariki mwaka 1978.

Mwaka 1981 alisafiri peke yake hadi Verbolozi. Huko alimpata Bibi Nadezhda, ambaye siku ile alikuwa msichana aliyejificha kwenye shamba la viazi. Bibi huyo hakuupokea mkono wake. "Umekuja ili ukalale vizuri?" alimwuliza. "Hilo sina la kukupa. Rudi kwenu ukawaambie."

Alirudi, akawaambia. Chama cha wapiganaji wa zamani wa divisheni, kinachokutana kila vuli katika baa yetu, kilikuwa kikiandaa kitabu cha historia ya divisheni hiyo. Marehemu aliomba Verbolozi iandikwe, japo kwa mstari mmoja.

"Alfons, bwana, wewe oka mikate," alisema mwenyekiti, mzee Egon Rauscher wa duka la viatu. "Hayo walifanya wengine. Sisi tulikuwa askari safi."

"Acha hizo, Egon. Ulisimama pale karibu yangu. Kiberiti uliniomba mimi."

Meza nzima ikamzomea. "Kunywa bia yako, mzee! Unataka kutuvua nguo mbele ya wajukuu?"

Kitabu kilitoka mwaka 1982. Lotte amepewa ukurasa mzima, na picha juu. Farasi waliokufa wamehesabiwa hadi wa mwisho. Kuhusu Septemba ile imeandikwa kwamba divisheni iliondoka "kwa utaratibu mzuri". Hivi hawakuona haya? Marehemu alikirudisha kitabu juu ya kaunta ya duka la Rauscher akasema, "Farasi wangu ana ukurasa, na wale watu hawana hata nukta." Hakuketi tena kwenye meza yao. Wapo waliohamia duka jingine la mikate kwa ajili hiyo. Leo wamo humu, na wanajijua.

Pumu ya unga ilimwelemea tangu Oktoba mwaka jana, kisha moyo nao ukachoka. Alifariki hospitalini tarehe 9 Februari 1987, akiwa na miaka 71. Aliomba mambo matatu tu: lisiwekwe shada la divisheni, isipigwe tarumbeta, na namba ya divisheni isitajwe kaburini.

Pamoja na hayo, chama kimetangaza gazetini kwamba kimempoteza "mwenzetu mwaminifu", na jana mzee Rauscher alifika nyumbani na shada lenye utepe.

"Binti yangu, maiti hana ugomvi," alimwambia Roswitha, binti wa marehemu. "Tuache tumzike mwenzetu."

"Baba hana ugomvi, mzee wangu. Ninao mimi. Shada lako libaki nje ya geti."

Marehemu ameacha dada yake Walburga, watoto wawili, Roswitha na Gebhard, na wajukuu wanne. Watu wa Verbolozi hawakupata kaburi wala wa kuwasomea wasifu. Bibi Nadezhda alimpa marehemu majina ya wale wa nyumbani kwake waliokuwa ndani ya ghala, na familia imeamua yasomwe leo, mbele yenu nyote: Pelageya, mama yake. Yefim, kaka yake. Ulyana, mdogo wake, ambaye alikuwa bado hajaanza kutembea.

Mungu awapumzishe hao kwanza. Kisha, akipenda, ampumzishe na Alfons.