Bwana Kufuli na Lango la Kiwanda cha Magodoro

Ndugu, jamaa na majirani, kaka yetu, ambaye wengi mlimwita Bwana Kufuli, alizaliwa tarehe 4 Machi 1957 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kinu cha unga, mtoto wa tatu wa fundi saa na mshona nguo, akasoma kwa bidii, na mwaka 1981 akahitimu uhasibu.

Kazi yake ilikuwa ufilisi, yaani kampuni ikielemewa na madeni, mahakama ilimtuma kuifunga na kuuza mali yake, na kwa kuwa kila lango alilifunga kwa mkono wake, jina likamganda, naye akacheka na waliomtania, ingawa mkewe, muuguzi aliyemwoa tarehe 12 Desemba 1986 na kujaliwa naye mabinti wawili, alijua kwamba siku ya kufunga kiwanda chakula hakikumpita kooni.

Kisha sheria ya makampuni ikabadilishwa, kampuni inayoyumba ikaruhusiwa kuwekwa chini ya msimamizi, wanaoidai wakasubiri huku ikitafutiwa njia ya kupona, na tarehe 6 Juni 2016 marehemu akakabidhiwa kiwanda cha magodoro, akafika asubuhi, akawatoa wafanyakazi nje na kutia kufuli kama alivyozoea, akafika kwenye gari ndipo akakumbuka kwamba safari hii ametumwa kuponya, si kuzika, akarudi mbio, lakini ufunguo hakuwa nao, maana maisha yake yote hakuwahi kurudi kuwafungulia wafanyakazi, ikabidi kufuli likatwe kwa msumeno, na mshonaji mmoja akamwambia, pole baba, leo umejifilisi mwenyewe, wote wakacheka, naye akawaomba radhi.

Muuza sponji, aliyekidai kiwanda kuliko wote, alitaka mashine ziuzwe, marehemu akamwendea mara nyingi, akimwambia taratibu kwamba ng'ombe aliyechinjwa hakamuliwi, hadi akakubali kulipwa kidogo kidogo, na kiwanda kikapona.

Marehemu aliugua figo tangu Januari 2023, akafariki dunia tarehe 19 Agosti, mkewe akiwa amemshika mkono, baada ya kuomba jambo moja tu, kwamba kiwanda kisifungwe siku ya maziko yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, wafanyakazi wenzake, muuza sponji aliyebeba jeneza, nanyi wa kiwandani mliofika, pamoja na wenzenu ambao saa hii wako kwenye mashine kama alivyotaka.

Kaka, lango tumeliacha wazi. Pumzika kwa amani.