Kumrudia wa Mwisho

Pembeni mwa Mtaa wa Swahili, karibu na soko la Kariakoo, palikuwa na benchi lililokaliwa na watu mpaka likang'aa kama limepakwa mafuta. Kila siku baada ya Adhuhuri, watatu walikuwa hawakosi. Rajabu, fundi cherehani, aliitwa Mkasi kwa ajili ya ulimi wake. Mbaruku aliwabebea Waingereza mizigo katika vita vya Mjerumani, akajipa mwenyewe cheo cha Jemadari. Wa tatu, Sheikhan, mwenye duka la mchele, alikuwa mtu wa kusema polepole. Mwanawe Hashil alikuwa mkimbiaji, akachukuliwa na homa kabla hajaoa. Kila Idi, Hashil alikimbia kutoka Mnazi Mmoja mpaka Buguruni na kurudi. Kila akishinda, badala ya kukaa apepewe, aligeuka akarudi njiani kumchukua wa mwisho, wakaingia pamoja. Alipokufa, kila mshindi akafanya vivyo hivyo. Sasa wapiga tarumbeta, wanaopiga mpaka wa mwisho aingie, walinung'unika kwamba wanangojeshwa mno, na wazee wa mbio wakamtuma Mkasi amuulize baba mtu: desturi hii iendelee au iachwe?

— Jibu nalitaka leo, Sheikhan, alisema Mkasi. Alasiri wananingoja.

— Sijui nia yake, alijibu Sheikhan. Alipokuwa hai sikumuuliza. Nitawafungaje watu kwa jambo ambalo sijui nia yake?

— Nia gani, bwana? alidakia Jemadari. Yule alikuwa anapoza miguu. Vitani ukifika kambini ukaketi ghafla, magoti yanaganda. Mimi nilikimbia sana.

— Kwenda mbele au kurudi nyuma? aliuliza Mkasi.

Muuza kahawa aliyesimama karibu na benchi alicheka mpaka dele lake la kahawa likamtikisika mkononi.

— Kweli yenyewe ninayo mimi, Mkasi aliendelea. Kaptura yake niliishona kwa mkono huu, na kila nikichoma sindano nasoma dua. Kijana anafika mwisho, dua bado ina nguvu, miguu inamdai aendelee.

— Kumbe iliyoshinda ni kaptura! alisema Jemadari.

— Kaptura na mwenyewe.

— Hujui kitu, alisema Jemadari, akashusha sauti. Buguruni kwenye minazi kuna jini wa kike. Alimwambia Hashil: mbio nakupa, ila nikimkuta mtu nyuma peke yake, huyo ni wangu. Ndiyo maana akawa anarudi mbio mbio!

— Astaghfirullahi, alisema Sheikhan, lakini alikuwa anatabasamu. Mwanangu hakuwa na urafiki na majini. Alfajiri zote alikuwa safu ya mbele msikitini.

— Safu ya mbele atakosaje, na mbio zile? alisema Mkasi.

Sheikhan akacheka nao. Miezi mingi hakutaka jina la Hashil litajwe. Siku hizi, likitajwa hapa katikati ya utani, alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Ila jibu alikuwa bado hana.

Hapo akatokea mtu mmoja, kifua kipana kama mlango, amevaa vumbi la magunia.

— Shikamooni, wazee. Naitwa Eliakimu, mchukuzi wa bandarini. Natafuta wanaoandikisha mbio za Idi.

— Marahaba, alijibu Jemadari, akampima kwa macho. Wewe? Ukianguka njiani si tutaazima gari la ng'ombe?

— Najua, mzee. Mimi mzito, wa mwisho nitakuwa mimi tu. Lakini nilimwona Hashil akiingia na mzee mmoja muuza maji wamekumbatiana, na tangu siku ile natamani kukimbia. Sasa nasikia desturi inaachwa. Nikibaki peke yangu kule Buguruni, nani atakuja kunichukua?

Sheikhan alimgeukia Eliakimu. Nia ya mwanawe hakuiuliza tena.

— Atakuja aliyeshinda, alisema. Mkasi, peleka jibu hilo. Wapiga tarumbeta waambie wakichoka waketi.

— Na mshindi akikataa? aliuliza Mkasi.

— Nitakwenda mimi.

— Kwa magoti hayo? alipiga kelele Jemadari. Mtaanza Idi ndogo, mtamaliza Idi kubwa!

— Tutafika, inshallah, alisema Sheikhan, akasogea benchini ili Eliakimu apate pa kukaa.